Darasa Zima Lilisema Limeelewa

Kuna mhadhara mmoja nilioutoa miaka ya mwanzo ya ualimu wangu wa chuo nikatoka darasani najiona bingwa. Mada ilikuwa kanuni ya zao: namna ya kupata derivativu (kasi ya kubadilika, ambayo kwenye grafu ni mteremko) ya fanksheni mbili zinapozidishwa. Ubao ulijaa kutoka kona hadi kona, uthibitisho ulitiririka bila kukwama, mifano mitano ikafuatana kutoka mwepesi hadi mgumu. Mwishoni nikauliza lile swali letu walimu: "Tumeelewana?" Wakaitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Nikafuta ubao, nikajipangusa chaki, nikaenda zangu.

Siku mbili baadaye niliingia darasani sijajiandaa vizuri. Nilihitaji dakika kumi za kupanga mawazo, na njia niliyoiona ya kuzipata ilikuwa kuwapa kwizi ya swali moja: tafuta derivativu ya x² sin x. Sikuwa na nia nyingine yoyote. Usiku nilipozisahihisha zile karatasi, nikakuta karibu nusu ya darasa wameandika 2x cos x.

Kwa msomaji aliyeachana na kalkulasi zamani: derivativu ya x² ni 2x, ya sin x ni cos x, na hawa vijana walikuwa wamezizidisha tu hizo mbili. Kanuni niliyowathibitishia inasema jambo jingine. Chukua derivativu ya kwanza uizidishe na fanksheni ya pili, kisha jumlisha fanksheni ya kwanza mara derivativu ya pili. Jibu ni 2x sin x + x² cos x. Kanuni hiyo walikuwa nayo madaftarini, kwa mwandiko safi, imezungushiwa kisanduku chekundu.

Kosa lenyewe halikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba lilikuwapo tangu siku ya mhadhara, limekaa nao pale kwenye viti, na nilipouliza kama limeelewa likajibu, "Ndiyo, mwalimu."

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa kurudia mhadhara uleule, polepole zaidi na kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba ugonjwa ulikuwa masikioni. Wiki iliyofuata kosa likarudi, limepungua kidogo tu. Ndipo nikaanza kulitazama kwa heshima. Anayeandika 2x cos x hajakosa akili. Kwenye kujumlisha, derivativu ya jumla ni jumla ya derivativu; kwa nini kuzidisha kusifuate mkondo huohuo? Leibniz mwenyewe, mmoja wa waasisi wa somo hili, alijiuliza swali hilo katika karatasi zake za Novemba 1675: je, d ya xy ni dx mara dy (d ikiwa alama yake ya badiliko dogo sana)? Akaijaribu kwa mfano mfupi, akaona haikubali. Kanuni sahihi aliichapisha mwaka 1684. Wanafunzi wangu walikuwa wamefika palepale alipowahi kufika yeye. Ila yeye alipata nafasi ya kujaribu mwenyewe, wao mimi niliwawahi na jibu.

Basi kipindi kilichofuata niliandika ubaoni: "Wengi wenu mnaamini derivativu ya zao ni zao la derivativu. Ijaribuni kwa x² mara x³." Kisha nikanyamaza. Kunyamaza, niseme ukweli, ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika ufundishaji wa namna hii. Ulimi unawasha. Dakika ya pili unaona kama dari linakutazama.

x² mara x³ ni x⁵, na derivativu yake ni 5x⁴. Hiyo walikuwa nayo wote. Kwa njia yao, 2x mara 3x² inatoa 6x³. Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema huenda kanuni ya x⁵ ndiyo yenye kasoro. Jirani yake akamcheka, yeye akashikilia, ikabidi wenzake wamthibitishie upya. (Kijana yule nilimpenda sana. Anayetilia shaka kila kitu kwa usawa ana moyo wa mwanahisabati.)

Walipokubaliana kwamba njia yao imekufa, nikawagawia karatasi zenye mstatili. Upande mmoja ni u, mwingine ni v, eneo ni uv. Refusheni kila upande kidogo tu, halafu mniambie eneo limeongezeka wapi. Wakachora. Nyongeza ina vipande vitatu: ukanda mwembamba juu, ukanda mwembamba ubavuni, na kijimraba pale kwenye pembe kanda hizo zinapokutana. Ukanda mmoja ni u mara nyongeza ya v, mwingine ni v mara nyongeza ya u, na kijimraba ni nyongeza mara nyongeza. Pande zikiwa za sentimita 10 na kila mmoja ukirefuka kwa milimita 1, kila ukanda una milimita za mraba 100. Kijimraba kina 1.

Binti mmoja wa safu ya tatu akaropoka bila kunyoosha mkono: "Kumbe sisi tulihesabu kale kapembe tu, kanda zote mbili tukazitupa!"

Nimefundisha mihula mingi tangu siku ile na sijasikia maelezo bora ya kosa hilo, wala sijayasoma kwenye kitabu chochote nilichopangiwa kufundishia. Kanuni yao ilikuwa inabakiza kile hasa kinachopotea nyongeza zinapokaribia sifuri, na kutupa vile vinavyobaki.

Tangu hapo siandai shughuli ya darasani kabla sijasoma kwizi. Kosa ndilo linaloniambia tufanye nini. Shughuli iliyookotwa tu mahali kwa sababu inachangamsha huishia kuchangamsha.

Kwizi zangu za sasa ni nusu karatasi, maswali mawili, dakika nane, mwanzoni mwa kipindi. Swali moja linatoka wiki zilizopita. La pili mara nyingi halina cha kukokotoa: "Ndoo inajazwa maji. Derivativu ya kina cha maji ni chanya lakini inapungua. Kina kinafanya nini? Jibu kwa sentensi moja bila alama yoyote ya hisabati." Utashangaa ni wangapi wanaoweza kukokotoa derivativu ya nusu ukurasa, ila hapa wakaandika kwamba maji yanapungua ndooni. Kwao neno "inapungua" limeshikamana na maji, halijui kwamba liliambiwa likae kwenye kasi.

Kwizi zote pamoja zina alama 10 kati ya 100 za kozi, na mbili zilizoharibika zaidi nazifuta. Mwanzoni nilizipa 30. Nikavuna vijana wanaotetemeka na wengine wanaochungulia, na karatasi ya aliyechungulia hainiambii kitu zaidi ya mawazo ya jirani yake. Nilipopunguza alama, ukweli uliongezeka. Siku hizi kuna wanaoniandikia kabisa, "Hapa nimebahatisha." Sentensi hiyo ina faida kwangu kuliko jibu sahihi lililotoka kwa bahati.

Sizijazi maelezo ya kalamu nyekundu moja moja pia. Darasa la watu zaidi ya mia lingenimaliza. Nazipanga mezani katika mafungu matatu: aliyeshika, aliyekaribia, na aliyejaza nafasi ili tu asiache wazi. Fungu la kati ndilo nalisoma kwa makini, kwa sababu humo ndimo makosa yenye mantiki yanamoishi. Fungu la tatu hunitia huzuni, na kwa miaka mingi nilidhani halina la kunifundisha. Nitarudi kwake.

Swali la zamani ndilo linaloleta malalamiko. "Mwalimu, hiyo si tulishaimaliza?" Tuliimaliza, ndiyo maana nauliza. Mwanafunzi wa hisabati husoma mtihani kwa kupitia daftari: anasoma mfano, unaeleweka, anafungua mwingine, nao unaeleweka. Kila kitu kinaonekana cha kawaida kwa sababu amekiona. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walichapisha majaribio ambayo huwa nayasimulia wiki ya kwanza ya kila muhula. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari. Baadhi wakakisoma tena, wengine wakaandika wanachokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikuwa wanakumbuka asilimia 42 ya mambo, na wale waliojilazimisha kukumbuka asilimia 56. Nikishasimulia hilo huwaambia: mtihani wa mwisho hauji baada ya dakika tano. Wanacheka, halafu wanaendelea kulalamika. Haki yao.

Kuhusu makundi nina maneno machache yasiyo matamu. Mara ya kwanza nilipojaribu niliwapa kadi, wazilinganishe: hii grafu ya fanksheni, hii grafu ya derivativu yake. Dakika nne baadaye kundi la mbele limemaliza, la nyuma linazungumzia mambo yao, na katikati kila kundi lina mtu mmoja anayepanga kadi huku wengine wakitazama mikono yake. Nilikuwa nimebadilisha mhadhiri mmoja kwa wahadhiri ishirini wadogo. Sasa kila mtu anaandika jibu lake kwanza, kimya, kwa wino. Halafu wanazungumza. Na anayeshika kalamu ya kundi haruhusiwi kuandika wazo lake mwenyewe, anaandika analoelezwa na wenzake. Mwenye haraka akitaka wazo lake liingie, itabidi alieleze hadi lieleweke. Ni sheria ya ajabu kidogo, ila imenifaa.

Na swali liwe gumu. Hapa namfuata Uri Treisman, ambaye miaka ya 1970 alikuwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley akijiuliza kwa nini wanafunzi Weusi wengi, waliofika chuoni na rekodi nzuri, walikuwa wanaanguka kalkulasi. Watu walikuwa na maelezo tayari: hawana ari, familia zao, maandalizi yao. Alipowafuatilia wanavyoishi na kusoma akaona tofauti nyingine. Walikuwa wakisoma kwa bidii, ila kila mtu peke yake, wakati wenzao wenye asili ya Kichina walikuwa wakikaa pamoja baada ya kusoma, wanasahihishana na kuulizana. Alipoanzisha vikao vyake hakuwaita kwenye masomo ya kuwasaidia walioachwa nyuma. Aliwapa maswali magumu kuliko ya darasani, wayafanye kwa pamoja, na matokeo yao yakapanda sana. Naikumbuka habari hiyo kila ninaposhawishika kurahisisha swali la kundi. Swali rahisi mtu mmoja analimaliza, wengine wananakili.

Shughuli ninayoipenda kuliko zote inahitaji chupa, maji na rula. Chupa moja imenyooka, nyingine ni koni iliyosimama kwa ncha yake, ya tatu ina tumbo la mviringo na shingo nyembamba, ya nne imebanwa kiunoni. Maji yanaingia kwa kasi isiyobadilika. Chora grafu ya kina cha maji kadiri muda unavyokwenda. Kila muhula kuna wanaochora picha ya chupa yenyewe, tumbo na shingo, kisha wanaigeuza geuza karatasi wakihisi kuna kitu hakijakaa sawa. Siwasahihishi. Namimina kikombe kilekile mara kumi, mmoja anapima kwa rula, mwingine anaweka nukta ubaoni. Kwenye chupa ya tumbo, nukta zinapanda haraka, zinalegea pale penye upana, zinaharakisha tena kuelekea shingoni, na zikifika shingoni zinapaa kwa mstari mnyoofu. Kwa mara ya kwanza mteremko wa grafu una sababu inayoshikika: hapa ni pembamba, maji hayana pa kwenda isipokuwa juu.

Halafu tunageuza. Nachora grafu, wao wachore chupa. Halafu makundi yanatungiana. Siku moja kundi moja liliwapa wenzao grafu yenye kipande kilichosimama wima kabisa. Chupa gani hii? Wakabishana hadi muda wa kipindi ukatuishia. Wengine walisema ni shingo nyembamba sana. Mwingine akakataa: nyembamba kiasi gani? Ikiwa na upana wowote, hata wa unywele, maji yatachukua muda kupanda. Wima kabisa ina maana maji yamepanda bila muda kupita. Mwishowe wakakubaliana kwamba ni shingo isiyo na upana, yaani chupa ambayo hakuna fundi wa kuifinyanga. Mimi nilisimama mlangoni na notisi za mada ya siku ile mkononi, sijazifungua, na mada hiyo sikuifundisha kamwe muhula ule.

Hiyo ndiyo gharama, na nisiifiche. Vitu vinaachwa. Mbinu fulani za integrali nilizokuwa nikizifundisha kwa wiki mbili sasa wanazisoma wenyewe, na wengine hawazisomi. Mwenzangu mmoja wa idara aliniambia waziwazi kwamba ninacheza na maji wakati silabasi inaungua. Nilimpelekea uchambuzi wa Scott Freeman na wenzake wa mwaka 2014, uliokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati: kwenye madarasa ya mihadhara mitupu walianguka wastani wa asilimia 33.8, na kwenye madarasa ambamo wanafunzi wanafanya kazi asilimia 21.8. Akausoma, akanirudishia, akasema wastani si darasa lake. Ni kweli, wastani si darasa la mtu yeyote. Bado tunasalimiana.

Wanafunzi nao wana lao. Kila muhula kwenye fomu za tathmini nakuta mtu ameandika kwamba mwalimu hafundishi, tunajifundisha wenyewe. Zamani iliniuma. Kisha mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard wakachapisha walichokiona kwenye madarasa ya fizikia: wanafunzi waliofanyishwa kazi darasani walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio, na bado wao ndio waliosema wamejifunza kidogo. Mhadhara laini unakuachia hisia kwamba umeelewa. Kuhangaika kunakuachia hisia kwamba hujui kitu. Sasa nawaambia hivyo mapema, siku ya kwanza, na malalamiko yamepungua, ingawa hayajaisha. Nami sijaacha mihadhara. Kuna mambo, kama maana rasmi ya kikomo, ambayo lazima mtu mmoja asimame ayaseme vizuri, dakika kumi na tano, halafu akae.

Sasa lile fungu la tatu.

Muhula mmoja tulikuwa kwenye Kanuni ya Thamani ya Wastani. Ukisafiri kilomita 80 kwa dakika 40, wastani wako ni kilomita 120 kwa saa, na hata uape vipi, kuna wakati mshale wa gari ulisoma 120 kamili. Kwenye grafu, mahali fulani katikati, mstari mguso, ule unaoigusa grafu na kufuata mteremko wake, unakuwa sambamba na mstari unaounganisha ncha mbili za safari. Nikatunga swali la kwizi usiku, nimechoka. Fanksheni ni kipeuo cha tatu cha x², kuanzia −1 hadi 1. Tafuta mahali hapo. Kwenye majibu yangu niliandika 0. Ncha zote mbili zina kimo cha 1, kwa hiyo mstari unaoziunganisha umelala, na grafu ni linganifu, inashuka hadi sifuri kisha inapanda. Sikuangalia zaidi ya hapo.

Wengi waliandika 0. Nikawapa. Mmoja, ambaye karatasi zake zilikuwa zinaangukia fungu la tatu tangu muhula uanze, aliandika neno moja, "Haipo," na chini yake mchoro mdogo wa mistari miwili iliyopinda ikikutana chini kama mwiba. Nikaweka alama ya kosa, nikaendelea.

Kesho yake alikuja ofisini ameshika ile nusu karatasi. Hakuwa amewahi kuja.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani. Pale sifuri, ile grafu ina ncha."

"Marahaba. Ncha vipi?"

"Haijalala. Kushoto inashuka karibu wima, kulia inapanda karibu wima. Ni kama ile shingo ya chupa isiyo na upana, mwalimu. Sasa mstari uliolala utagusa wapi?"

Nilichukua kalamu nikakokotoa derivativu mbele yake, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla sijachapa swali. Mbili juu ya mara tatu ya kipeuo cha tatu cha x. Haiwi sifuri popote, na pale x ilipo sifuri yenyewe haipo. Kanuni inataka grafu iwe na mteremko kila mahali katikati ya safari, na mimi nilikuwa nimewapa gari lenye sekunde moja isiyo na mwendo wowote unaotajika. Nikafuta ile alama ya kosa kwenye karatasi yake. Wino mwekundu haufutiki vizuri, karatasi ikachanika kidogo.

Kipindi kilichofuata niligawa kwizi yenye swali lilelile, na mstari mmoja chini yake: "Mwalimu alisema jibu ni 0. Mwalimu amekosea. Onyesha wapi." Wakasoma, wakatazamana, mmoja akauliza kama ni mtego. Nikasema hapana, nikaenda kukaa nyuma ya darasa, kwenye kiti cha karibu na dirisha, nikawapa dakika nane.